Chokaa Juu ya Titani: Mfupa Unataka Nini kwa Kipandikizi cha Jino?

Mwaka 1991 watafiti wa Bern, Uswisi, wakiongozwa na Daniel Buser, walichapisha jaribio ambalo mshindi wake hakuvikwa taji. Walitia vipandikizi vya titani vyenye nyuso sita tofauti katika mifupa ya miguu ya nguruwe wa jamii ndogo. Baada ya wiki 3, na tena baada ya wiki 6, waliikata mifupa ile vipande vyembamba na kupima kwa hadubini ni sehemu gani ya kila kipandikizi imeguswa na mfupa. Titani iliyong'arishwa iligusana na mfupa kwa asilimia 20 hadi 25 tu ya uso wake. Iliyopigwa mchanga wa chembe kubwa kisha ikaliwa na tindikali ilifika asilimia 50 hadi 60. Iliyopakwa haidroksiapatiti, madini ya kalsiamu na fosfeti ambayo ndiyo huupa mfupa na jino ugumu wake, ilizipita zote kwa asilimia 60 hadi 70. Mtu angetarajia mshindi ndiye apelekwe sokoni. Lakini kampuni ya Straumann, iliyokuwa ikishirikiana na watu wa Bern, ilitoa mwaka 1998 kipandikizi chenye uso ulioshika nafasi ya pili, na nyuso za jamii hiyo ndizo zinazotumika zaidi hadi leo. Sababu ilikuwa imeandikwa katika ripoti ileile ya nguruwe: mpako ulioshinda ulionyesha dalili za kuliwa.

Katika kisa hicho mna suala zima la mipako amilifu, yaani ile inayokusudiwa kushirikiana na mwili badala ya kukaa tu kimya mbele yake. Mfupa huulizwa maswali mawili juu ya kila kipandikizi. La kwanza: utakuja haraka kiasi gani? La pili: ukishakuja, utakaa? Hoja yangu ni kwamba mipako hii inajibu swali la kwanza, tena vizuri, ila kwa miaka arubaini imekuwa ikiuzwa kama jibu la swali la pili. Mkanganyiko huo umewagharimu wagonjwa, na pia umetufundisha mengi kuhusu mfupa wenyewe.

Tuanze na swali la kudumu, kwa kuwa lilijibiwa mapema. Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden, alikuwa Lund mwaka 1952 akichunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titani alivyovipachika ndani ya mfupa. Vilipotakiwa kutolewa, vilikataa. Mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965, akiwa Gothenburg, alimtia Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro za kinywa na taya, vipandikizi vyake vya kwanza vya meno. Larsson alifariki mwaka 2006 na vipandikizi vyake bado vikifanya kazi. Titani ile haikuwa na mpako wowote. Ilikuwa imechongwa kwa mashine, basi. Alichokuwa nacho Brånemark ni subira: kipandikizi kilifunikwa chini ya ufizi miezi 3 katika taya la chini na miezi 6 katika taya la juu kabla ya kubebeshwa jino. Kwa hiyo tangu mwanzo haikuwa siri kwamba titani tupu inaweza kumzika mwenye nayo. Kilichotafutwa baadaye ni njia ya kufupisha ile miezi.

Na ufupisho huo una maana ya kweli, kwa sababu wiki za kwanza ndizo wiki za hatari. Skrubu inapokazwa katika tundu lililotobolewa kwenye taya, hushikwa kwanza kwa nguvu za fundi tu: kuta za mfupa uliobanwa. Damu hujaa katika nafasi zilizobaki, protini zake hutanda juu ya titani kabla seli yoyote haijafika, chembe sahani humwaga kemikali za kuita msaada, na donge la damu hutengeneza nyuzi ambazo seli jengaji za mfupa hupanda kama watu wanaovuka mto kwa kamba. Hapo pana jambo dogo lenye uzito mkubwa. Seli zikitembea juu ya nyuzi huzivuta. Uso ukiwa laini, nyuzi hubanduka, na mfupa mpya hulazimika kuanzia kwenye ukuta wa tundu na kusogea taratibu kuelekea kwenye titani. Uso ukiwa na makwaruzo, nyuzi hushika, seli hufika, na mfupa huanza kuumbwa papo hapo juu ya kipandikizi. Mfupa huo wa kwanza ni wa haraka, umesukwa ovyoovyo. Ule imara wenye matabaka huja baadaye kuchukua nafasi yake. Wakati huohuo seli bomoaji zinaondoa mfupa wa zamani uliojeruhiwa na keekee. Matokeo yake ni kwamba karibu na wiki ya 3 au ya 4 kipandikizi hulegea kidogo kuliko siku kilipowekwa, kwa maana mshiko wa zamani unaondoka na mpya haujakomaa. Uso wa kipandikizi hufanya kazi yake kubwa katika bonde hilo.

Wazo la kuweka juu ya chuma kitu ambacho mfupa utakitambua kama ndugu lina historia yake. Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida alisimulia kwamba mwaka 1967, akiwa ndani ya basi kuelekea kwenye mkutano, afisa wa jeshi la Marekani aliyetoka Vietnam alimuuliza kama angeweza kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa, maana askari walikuwa wanakatwa miguu kwa wingi. Mwaka 1969 Hench alikuwa na kioo chenye asilimia 45 ya silika, pamoja na chokaa, magadi na fosforasi kidogo, ambacho kilijifunga na mfupa wa panya hata hakikung'oleka. Kioo hicho huyeyuka kidogo katika majimaji ya mwili, huacha ngozi ya silika, na juu ya ngozi hiyo hujikusanya kalsiamu na fosfeti zinazofanana na madini ya mfupa. Neno "amilifu" katika fani hii lilianzia hapo. Lakini kukipaka kioo hicho kwenye titani kulishindikana kwa sababu ambayo mfinyanzi yeyote angeielewa: kioo hupanuka kwa joto kuliko titani, na vikipoa pamoja, kioo hupasuka. Leo msomaji ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na kioo cha Hench katika dawa ya kuswakia inayozuia ganzi la meno kuliko katika taya lake.

Haidroksiapatiti ilichukua nafasi hiyo katika miaka ya 1980. Njia yake ilikuwa ya vishindo: unga wa madini hupulizwa ndani ya gesi yenye joto la maelfu ya nyuzi, ukayeyuka nusunusu na kupigwa juu ya titani, ukaganda kama tabaka nene la makumi ya mikroni. Katika nyumba za mawe za pwani, mwashi anajua kwamba lipu haishiki ukuta laini. Huukwaruza kwanza, na hata hivyo lipu nene hatimaye hupasuka na kuvimba pale unyevu unapopenya nyuma yake. Hali ilikuwa hiyohiyo. Mpako ulishikwa na makwaruzo ya titani tu, bila muungano wa kikemia wa maana, na ule moto ulikuwa umeibadilisha sehemu ya madini kuwa aina nyingine za fosfeti ya kalsiamu zinazoyeyuka upesi. Kwa hiyo mfupa uliukumbatia mpako kwa nguvu, kisha mahali pengine mpako ukaachana na titani. Mfupa ulikuwa umefunga ndoa na lipu, wala si na ukuta.

Kasoro hiyo haikuwa ya ufundi peke yake. Mpako amilifu hufanya kazi kwa kuyeyuka: ayoni za kalsiamu na fosfeti zinazotoka ndizo zinazoandaa uso, kuvuta protini na kukaribisha seli. Ukiupika mpako mpaka uwe fuwele kamili usiyeyuke, umepata uso imara uliopoteza sehemu kubwa ya uchangamfu wake. Ukiuacha uwe laini na myeyukaji, umepata uchangamfu wa wiki chache na baada yake pengo. Watengenezaji wamecheza kati ya ncha hizo mbili kwa miongo, wakibadilisha unene na kiwango cha fuwele, na kila waliposogea upande mmoja walilipa upande wa pili. Ninavyoona, hili ndilo jambo ambalo matangazo ya bidhaa hulificha zaidi. Husifu kasi na kudumu kwa pumzi moja, kana kwamba vinatoka chungu kimoja.

Haki inataka nitaje ushahidi usioipendelea hoja yangu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kulikuwa na hofu kubwa kwamba vipandikizi vilivyopakwa vitaanza kung'oka kwa mamia baada ya miaka kadhaa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2000 hayakuona hivyo: vipandikizi vilivyopakwa vilidumu kwa viwango vinavyokaribiana na vya titani isiyopakwa. Mtetezi wa mipako anaweza kusema kesi imekwisha. Mimi naisoma takwimu hiyo kinyume. Ikiwa mpako uliovuta mfupa kwa asilimia 60 hadi 70 ndani ya wiki chache haukuishia kudumu kuliko titani tupu, basi ule mwanzo mzuri ulipotelea njiani. Faida ya wiki haikugeuka kuwa faida ya miaka.

Mtetezi huyo ana silaha nyingine, nayo ni nzito: nyonga. Mwaka 1985 Ronald Furlong, daktari wa mifupa wa London, alianza kutumia nyonga bandia yenye shina lililopakwa haidroksiapatiti, na shina la aina hiyo limefuatiliwa kwa zaidi ya miaka ishirini na matokeo bora kabisa. Kwa nini basi mpako uaminike kwenye paja na ushukiwe kinywani? Jibu la kwanza ni kwamba hata kwenye nyonga hadithi haijanyooka. Uchambuzi wa daftari la kitaifa la Sweden uliotoka mwaka 2010 ulionyesha kwamba vikombe vya nyonga vilivyopakwa vilikuwa na hatari kubwa zaidi ya kulegea na kufanyiwa upasuaji tena kuliko visivyopakwa. Jibu la pili lina uzito zaidi. Nyonga imefungiwa ndani ya nyama, na jeraha likishapona hakuna kinachoingia. Kipandikizi cha jino kimeutoboa mwili moja kwa moja: mzizi wake uko mfupani, shingo yake iko katika ufizi, kichwa chake kinaogelea katika mate. Kila siku ya maisha yake kuna bakteria mlangoni.

Nao bakteria wanapenda makwaruzo kama seli zinavyoyapenda. Mradi uso amilifu umezikwa ndani ya mfupa, hakuna neno. Mfupa wa ukingoni ukishuka milimita chache, ule uso uliobuniwa kwa ajili ya seli unabaki wazi kwa ukoga, na ukoga ukishajikita katika vijishimo vya mikroni hausafishiki kwa mswaki wala kwa chombo cha daktari. Ufizi huvimba, mfupa huzidi kuliwa, uso mwingine hufunuliwa. Utafiti uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2016 na Jan Derks na wenzake uliwachunguza wagonjwa 427 takribani miaka 9 baada ya kuwekewa vipandikizi, ukakuta asilimia 14.5 yao wana ugonjwa huu wa kiwango cha kati au kikali. Hao ni watu wa nchi yenye huduma bora za meno. Waliokuwa hatarini zaidi ni pamoja na waliokwisha kuugua ufizi kabla. Sijaona mpako wa kuharakisha mfupa uliopunguza takwimu ya namna hiyo, na kwa jinsi ulivyobuniwa sioni ungeipunguzaje.

Hapo huletwa mipako ya kuua vijidudu: fedha, viuavijasumu, dawa za kusafishia kinywa zilizofumbatwa katika tabaka la fosfeti. Maabara zinaonyesha matokeo ya kuvutia. Lakini akiba ya dawa iliyopakwa kwenye skrubu ni ndogo, hutoka kwa wingi siku za mwanzo kisha huisha, ilhali maradhi yenyewe hutafuna kwa miaka. Kiwango kinachoua bakteria kikiongezwa kidogo huzidhuru pia seli za mfupa. Mipako hiyo inaweza kumkinga mgonjwa na maambukizi ya wiki ya upasuaji, jambo jema, lakini mtu asiiuze kama kinga ya mwaka wa kumi.

Pingamizi ninalolikubali kwa nusu ni la mifupa dhaifu. Si kila taya ni la kijana mwenye afya. Sehemu ya nyuma ya taya la juu, kwenye magego, mara nyingi ina mfupa mwepesi kama sifongo. Wapo waliopigwa mionzi ya saratani, wapo wenye kisukari kisichodhibitiwa, wapo wavutaji sigara. Kwa watu hawa lile bonde la wiki ya 3 linaweza kuwa shimo wasilotoka, na kasi yenyewe ikawa ndiyo tofauti ya kushika na kutoshika. Kwao mpako unaovuta mfupa mapema una hoja ya kweli ya kitabibu. Nusu ninayoikataa ni hii: majaribio mengi ya mipako mipya hufanywa kwa wanyama wachanga wenye afya, katika mifupa inayopona hata ukiipandia msumari, halafu matokeo hutangazwa kwa jina la mgonjwa dhaifu ambaye hakuwemo.

Vipimo vya maabara navyo vina udhaifu wake. Mwaka 1990 Tadashi Kokubo wa Kyoto alieneza kipimo kinachotumia majimaji yenye chumvi kama za damu: kitu kikilowekwa humo kikajivika madini yanayofanana na ya mfupa, huhesabiwa kuwa amilifu. Ni rahisi, na kimezaa makala zisizo na idadi. Mwaka 2009 Marc Bohner na Jacques Lemaître walikikosoa vikali. Majimaji yale hayana protini wala seli. Na zipo fosfeti za kalsiamu ambazo hazijivishi chochote katika chupa, ilhali ndani ya mwili hushikamana na mfupa bila taabu. Kipimo kinachoweza kumnyima cheti anayestahili hakifai kuwa mlango pekee.

Wengine wameruka hatua ya madini na kumpelekea mfupa amri yenyewe. Marshall Urist alionyesha mwaka 1965 kwamba ndani ya mfupa mna kitu kinachoweza kuamuru mfupa mpya uote hata ndani ya msuli. Baadaye protini hizo zilitambuliwa, na moja ikaidhinishwa Marekani mwaka 2007, ikiwa imelowekwa katika sifongo ya kolajeni, kwa ajili ya kukuza mfupa wa taya kabla ya kupandikiza. Kuipaka juu ya kipandikizi kumekuwa kugumu zaidi. Protini hutoka kwa pamoja badala ya kidogokidogo, na katika majaribio ya wanyama kipimo kikubwa kimewahi kuamsha ubomoaji kabla ya ujenzi, hata kipandikizi kikahama mahali pake. Amri ileile humfikia mjenzi na mbomoaji.

Kinachonivutia ni kwamba maendeleo ya karibuni yamesogea mbali na wazo la kuongeza kitu. Mwaka 2005 ulitoka uso wa titani uleule wa mchanga na tindikali, ila umehifadhiwa ndani ya maji ya chumvi usiguse hewa, na muda wa kusubiri ukashuka kutoka wiki 6 hadi 8 kuwa wiki 3 hadi 4. Kundi la Takahiro Ogawa huko Los Angeles lilieleza sababu inayofanana: titani ikikaa hewani wiki kadhaa hufunikwa na uchafu wa kaboni usioonekana, na maji huanza kuikimbia. Walipoimulika kwa mionzi ya urujuanimno kuondoa uchafu huo, mgusano wa mfupa katika panya ulifika karibu asilimia 98, ilhali isiyomulikwa ilibaki chini ya asilimia 60. Panya ni panya, sisahau nilichosema juu ya wanyama wenye afya. Hata hivyo tokeo hilo linatikisa dhana ya miongo mitatu. Huenda sehemu ya kazi tuliyokuwa tukiisifia mipako ilikuwa tu kuwasilisha kwa mfupa uso mpya ambao haujachafuka.

Mabadiliko ya fikra yamekwenda mbali zaidi kwa Tomas Albrektsson, mwanafunzi wa Brånemark mwenyewe, ambaye tangu 2014 amekuwa akitetea kwamba mfupa haumkaribishi mgeni hata kidogo. Titani, anasema, ni kitu kigeni, na mwili hufanya nayo unavyofanya na risasi iliyobaki mwilini: huijengea ukuta kuitenga, isipokuwa hapa ukuta ni wa mfupa. Si wote wanaomkubali. Lakini akiwa sahihi hata nusu, basi kudumu kwa kipandikizi ni suala la amani kati ya mfupa, seli za kinga na kile kilichomo shingoni mwa ufizi, amani inayoweza kuvunjwa miaka mingi baada ya mpako kuyeyuka na kusahauliwa.

Mwaka 2012 watu walewale wa Bern walichapisha matokeo ya miaka 10 ya ule uso uliokuwa wa pili kwa nguruwe: vipandikizi 511 kwa wagonjwa 303, na asilimia 98.8 vilikuwa bado mahali pake. Ni wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu na kuhudumiwa na mabingwa, kwa hiyo takwimu hiyo isibebwe kila mahali. Lakini ndiyo kipimo ambacho mpako wowote mpya unapaswa kukipita. Kwa hiyo wewe msomaji, uwe Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, ukiambiwa kuna kipandikizi chenye mpako maalumu kwa bei ya juu zaidi, muulize daktari wako mambo matatu kabla ya kutoa pesa: mpako huo umefuatiliwa kwa binadamu miaka mingapi, mfupa wa ukingoni ulikuwa wapi kwenye picha za eksirei za mwaka wa tano na wa kumi, na ni nani atakayekusafishia kipandikizi hicho kila mwaka baada ya leo.